Kisiwa cha Kijani: Jina Lililotoka Baharini

Yaqut al-Hamawi hakuwahi kutia mguu Pemba. Alizaliwa katika nchi ya Warumi wa Mashariki, akatekwa angali mtoto, akauzwa Baghdad kwa mfanyabiashara aliyemsomesha ili amwandikie hesabu zake. Bwana wake alimtuma safari za biashara hadi Oman na kisiwa cha Kish katika Ghuba, kisha akamwacha huru. Alipopata uhuru wake aliishi kwa kunakili na kuuza vitabu, na kila alipokutana na msafiri alimuuliza habari za miji na visiwa. Alipofariki karibu na Halab mwaka 1229, alikuwa ameacha kamusi kubwa ya majina ya mahali ambayo wanazuoni wanaifungua hadi leo.

Ndani ya kamusi hiyo limo jina Al-Jazira al-Khadhraa, yaani Kisiwa cha Kijani, na chini yake ametaja zaidi ya mahali pamoja. Pamoja ni mji wa Andalusia ambao Wahispania wanauita Algeciras, jina lilelile likiwa limepondwa na ulimi wao. Mahali pengine ni kisiwa kikubwa katika nchi ya Zanji, yaani pwani hii ya Afrika ya Mashariki, kilichozungukwa na maji ya chumvi kila upande, chenye miji miwili, kila mji na sultani wake asiyemtii mwenziwe, na vijiji na mashamba kadha wa kadha. Miji hiyo aliiandika kwa herufi ambazo Mpemba akizisoma anasikia Mtambwe na Mkumbuu. Habari zenyewe, Yaqut anaeleza, alizipata kwa sheikh mwema wa Basra aliyekiona kisiwa kwa macho yake.

Hivyo jina tunalojivunia leo, tunaloliandika kwenye mabango ya kuwakaribisha wageni, lina umri wa miaka 800 na ushei, nalo lilifika kitabuni kutoka kinywa cha mtu wa chomboni kwenda kwenye kalamu ya mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Mambo hayo mawili, chombo na utumwa, yanalifuata jina hilo katika historia yake yote.

Kwa nini mgeni aliona kijani kabla ya kuona kingine chochote? Jibu liko njiani alikopita. Nahodha aliyeng'oa nanga Sohar au Maskati wakati wa kaskazi alikaa majuma mengi akitazama majabali makavu, kisha pwani ya Hadhramaut, kisha mchanga wa Banadiri. Chakula chake tende, kitoweo chake papa mkavu. Ndipo siku moja, mkono wa kushoto wa chombo, kikainuka kisiwa cha vilima vidogo vidogo visivyohesabika, vyote vimefunikwa na miti mpaka ukingoni, na hata ukingo wenyewe haukuonekana kwa sababu mikoko imesimama ndani ya maji. Kwa Mwarabu, neno akhdhar halikuishia kwenye rangi. Mlima wenye maji na mabustani kule Oman ameuita Jabal Akhdhar, na mboga zake anaziita kwa shina hilohilo. Aliposema Khadhraa alimaanisha: hapa pana maji, hapa pana chakula, hapa mtu anaweza kuishi. Msafiri Al-Masudi, aliyeondoka kisiwa cha Kanbalu kurudi Oman mwaka 916, aliikuta tayari ina Waislamu, na watafiti wengi wanaiweka Kanbalu hiyo katika Pemba.

Sasa tumsikilize aliyekuwa nchi kavu.

Mswahili wa zamani hakuwa na neno moja la rangi hiyo, na si kwa sababu macho yake yalikuwa pungufu. Lugha zetu za Kibantu zilirithi rangi tatu tu zinazovaa viambishi kama sifa halisi: -eusi, -eupe na -ekundu. Tunasema kitambaa cheupe, vitambaa vyekundu, ngozi nyeusi. Rangi nyingine nyingi tumezikopa kwa vitu vyenye rangi hiyo, na sarufi inatufichulia siri hiyo kila tunapofungua mdomo. Manjano ni bizari, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu ya Waarabu. Na kijani ni jani dogo. Ndiyo maana husemi kitambaa kijani ukatulia. Sikio linadai kitambaa cha kijani, yaani kitambaa cha rangi ya kijani cha mtini.

Tena kijani chenyewe hakikutosheka peke yake, kikashikamana na mwenziwe: kijani kibichi. Katika lahaja za kaskazini jani dogo ni chani, na kibichi ni kiwiti. Weka pamoja upate chanikiwiti, neno ambalo vijana wengi siku hizi wanalijua kwenye kamusi tu. Maneno mawili, maana moja: kijani ambacho bado kina maji yake.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, kwani neno -bichi ndilo ufunguo. Kiingereza kina neno green, lililotoka shina moja na maneno yao ya kuota na ya nyasi, kwa hiyo nao walianzia palepale penye jani. Kwao neno hilo limekwenda mbali: tunda lisiloiva ni green, kuni zisizokauka ni green, kijana asiyejua kazi ni green, na hata mwenye kijicho wamempaka rangi hiyo. Sisi hatukumpaka mwenye kijicho rangi yoyote. Tumemwachia jicho lake. Lakini tunda, kuni na mgeni wa kazi tumewaweka chini ya -bichi, kisha tukaendelea mahali ambapo Kiingereza hakikufika. Nyama haijapikwa, ni mbichi. Maziwa hayajachemshwa, ni mabichi. Nguo imetoka kufuliwa, bado mbichi. Nyama ni nyekundu, maziwa ni meupe, nguo ina rangi yake yoyote. -Bichi haiulizi rangi. Inauliza kitu kimefika wapi katika safari yake, na mkono wa mtu, moto au jua vimekigusa kiasi gani.

Mtazame mnazi. Aliye chomboni anaona kijani kimoja kinachopepea. Aliye chini ya mnazi anaona kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, na kila jina lina matumizi yake na bei yake. Ukimtuma mtoto dafu akakuletea koroma, hukuletewa ulichotaka, ingawa maganda yote mawili ni ya kijani. Ndivyo lugha ya wenyeji ilivyoigawa rangi ile moja ya mgeni: kwa umri na kwa kazi.

Kabla ya karafuu, kijani cha Pemba kilikuwa cha mpunga. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Tumbe, kaskazini mwa kisiwa, wamekuta kwamba wakazi wa karne ya 7 hadi ya 10 walikula zaidi mawele. Jirani hapo Chwaka, mji ulioinuka kuanzia karne ya 11, mchele umetawala jikoni. Vilima vya Pemba vina mabonde katikati yake, mvua ni nyingi kuliko Unguja, na mabonde hayo yakawa mashamba ya mpunga. Utajiri ulifuata. Mwaka 1984 Mtambwe Mkuu kulifukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zimepigwa na watawala wa pwani hii kwa majina yao wenyewe, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka mbali. Mtambwe ya leo ukiiangalia kwa mbali unaona miti na mikoko tu. Mji wa Yaqut umelala chini yake.

Kijani hicho cha chakula ndicho kilicholeta wenye bunduki. Mombasa ilikula mchele wa Pemba, na Wareno walipoishika Mombasa nao wakauhitaji. Watu wa ukoo wa Mazrui walipotawala Mombasa walijua kwamba anayeshika Pemba ameshika ghala. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 majeshi ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, yaliwatoa Mazrui Pemba, na Mombasa, ikiwa imepokonywa ghala lake, ilidhoofika hadi ikaanguka mwaka 1837.

Na huyo Sayyid Said ndiye aliyekibadilisha kijani cha kisiwa. Mkarafuu si mti wa huku. Kwao ni visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali. Wafaransa waliutoa huko karne ya 18 wakaupanda katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said aliusukuma mbele kwa amri. Pemba ilichelewa. Wenyeji walikuwa na mpunga wao, na kwa miaka mingi Unguja ndiyo iliyoongoza.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake, na majahazi yakavunjika bandarini. Pemba iliguswa kidogo tu. Bei ya karafuu ikapanda, na kila mwenye fedha Unguja akaelekeza macho kaskazini. Misitu ya vilimani ilikatwa, mikarafuu ikapandwa, na kabla karne haijaisha Pemba ilikuwa inatoa karibu robo tatu ya karafuu zote za Zanzibar. Mgeni aliyepita na chombo mwaka 1870 na akapita tena mwaka 1890 angesema kisiwa ni kilekile, bado cha kijani. Msitu ulikuwa umeondoka na shamba limekaa mahali pake, na kwa mbali havitofautiani.

Nani alipanda? Swali hili jina la Kisiwa cha Kijani halilijibu, na ndipo jina hilo linaponitia uzito moyoni. Mwaka 1873, mwaka mmoja baada ya kimbunga, Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, likafungwa. Hitaji la mikono Pemba lilikuwa ndiyo kwanza linakua. Basi watumwa wakavushwa kwa magendo, usiku, kutoka bara hadi vijito vya Pemba, kwenye mikoko ileile iliyompendeza nahodha. Mikoko ilificha majahazi. Manowari za Waingereza zilizunguka mkondoni kuyasaka, na Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari ya London aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kukagua jahazi. Jina lake limeandikwa. Waliokuwa ndani ya majahazi hayo, walioshushwa gizani na kupelekwa vilimani, hatuna majina yao. Miti waliyoipanda ndiyo kumbukumbu yao, na mingi ya miti hiyo ilizaa kwa miongo mingi baada ya wao kufa.

Sheria ya Sayyid Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hadhi ya utumwa, ila mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na mwenye shamba alilipwa fidia. Mwaka huohuo Wakristo wa dhehebu la Quaker kutoka Uingereza walifungua misheni karibu na Chake Chake, wakanunua shamba, wakaajiri walioachwa huru. Wengine walibaki palepale, wakalima muhogo chini ya mikarafuu na kuchuma msimu ukifika. Pemba ilipata bahati moja: mashamba mengi yalikuwa madogo, na Wapemba wenyewe, si mabwana wakubwa tu, walikuwa na mikarafuu yao. Ndoa na ujirani zikachanganya damu.

Tukirudi kwenye neno letu, karafuu inatuonyesha -bichi kwa uwazi kuliko kitu chochote. Tumba la karafuu linatoka likiwa la kijani, kisha linaanza kuona wekundu, na hapo ndipo linapochumwa, kabla ua halijafunguka. Ukichelewa ua likapasuka, thamani imeondoka. Mchumaji anapanda juu, anavuta matawi kwa upembo, anakata vikonyo na kujaza kapu. Jioni familia nzima inakaa kuchambua: karafuu huku, makonyo kule, vidole vinanuka mpaka asubuhi. Malipo ya mchumaji yalihesabiwa kwa pishi ya karafuu mbichi. Ile iliyokwisha kuona wekundu bado inaitwa mbichi, na hakuna mtoto wa Pemba anayeshangaa. Kisha inaanikwa juu ya majamvi siku tatu, nne, tano, macho yakiwa mbinguni kwa hofu ya mvua. Inakuwa kahawia iliyokolea, inapoteza kiasi cha theluthi mbili ya uzito wake, na hapo tu ndipo inapokuwa mali. Kijani hakiuzwi. Kinachouzwa ni kile kilichobaki baada ya kijani kuondolewa kwa jasho.

Wanasiasa nao walikiona kijani. Bendera ya Zanzibar iliyopandishwa tarehe 10 Desemba 1963 ilikuwa nyekundu, na katikati yake duara la kijani lenye karafuu mbili. Iliishi mwezi mmoja na siku chache. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ikaja ya buluu, nyeusi na kijani, na Muungano ulipofanyika Aprili mwaka huohuo, kijani kikaingia kwenye bendera ya Tanzania kuwakilisha ardhi na mimea yake. Mashamba makubwa yalitaifishwa, watu wakagawiwa eka tatu tatu. Indonesia, ambako karafuu hutiwa kwenye sigara, ilikuwa mnunuzi mkubwa. Ilipojitosheleza kwa mikarafuu yake mwenyewe katika miaka ya 1980, bei ikaporomoka na shamba likageuka mzigo.

Ulipokuja mfumo wa vyama vingi, kijani kikapata maana nyingine. Kijani na njano ni rangi za chama tawala, CCM, na Pemba kuanzia uchaguzi wa 1995 ilikuwa ngome ya upinzani. Kwenye kisiwa chenye jina la kijani, shati la rangi hiyo likawa linasomwa kama tamko. Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano ya upinzani Wete, Micheweni na Chake Chake, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Sitaki kulipita jambo hilo kwa kasi, ingawa haliko ndani ya mada yangu kikamilifu. Rangi inayotokana na jani haipaswi kumwogopesha mtu, na maridhiano yaliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa mwaka 2010 yalikuwa na thamani kwa sababu hiyo pia.

Kijani cha kale kabisa kimebaki kipande. Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi, ndio mabaki makubwa ya ule msitu uliokuwepo kabla ya karafuu. Kwa kuwa Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wa bahari wenye kina kirefu kwa muda mrefu sana, humo mna viumbe wasiopatikana mahali pengine duniani: popo mkubwa wa Pemba, na ninga wa Pemba, njiwa wa kijani ambaye Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni, alimtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1940. Wapemba walikuwa wakimwona tangu zamani. Na angalia: Kiswahili hakikumwita njiwa wa kijani. Kilimpa jina lake mwenyewe, ninga.

Siku hizi tunasikia zaidi buluu. Uchumi wa Buluu ndiyo lugha ya serikali tangu 2020, na wanawake wa Pemba wanaolima mwani pwani ndio wanaotoa sehemu kubwa ya mwani wote wa Zanzibar. Mwani nao unatoka majini mbichi, unaanikwa, unapungua uzito, unauzwa mkavu. Jina la sera limebadilika. Kazi ya mikono ni ileile, na -bichi bado inapima.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa kila mwenye mzee Pemba, awe anaishi Konde, Mkoani, Dar es Salaam au Maskati. Majina ya hatua za mpunga, za karafuu, za embe na za nazi, kuanzia zao linapochipua hadi linapokauka, wazee wanayo vinywani na machache tu yameandikwa. Mgeni wa Basra alitupa neno moja, na Yaqut akalihifadhi kwa miaka 800. Kaa na bibi yako chini ya mkarafuu au penye jamvi, muulize hii inaitwaje na ile inaitwaje, uandike kwa matamshi yake ya Kipemba, na uliyoyaandika uyapeleke BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar.